Mashine Iliyojibu Haraka Mno

Jumatatu, 4 Novemba

Nakala ya akiba ya kumbukumbu za wiki imekamilika saa mbili na robo. Nimefuta vumbi kwenye seva. Nimebadilisha waya wa mtandao wa maabara, panya wameutafuna tena. Mvua tangu alfajiri. Umeme umekatika mara tatu, mara ya mwisho saa sita na dakika thelathini na nne. Kila mara jenereta imeitika baada ya dakika moja hivi. Kwa mtunza kompyuta wa kituo cha afya cha huku mlimani, ni siku ya kawaida.

Mpaka saa tisa. Wodi ya wanaume ikachafuka ghafla. Mzee Elifuraha, mgonjwa wa sukari, yule aliyelazwa kwa kidonda cha mguu, amekutwa hajitambui, jasho linamtiririka. Sukari imeshuka vibaya. Wamemtundikia dripu ya glukosi. Saa kumi kafumbua macho.

Amechomwa insulini mara mbili.

Sista Haika wa zamu ya asubuhi anasema alimchoma saa sita na nusu, akaandika kwenye kompyuta. Neema, nesi wa zamu ya mchana, aliingia saa nane, akafungua kompyuta, akaona dozi ya mchana haijatolewa. Akaitoa.

Daktari Shayo, mganga mfawidhi wetu, kaniambia nitafute hiyo kumbukumbu ya Haika. Nimetafuta mpaka muda wa kutoka. Haipo.

Jumanne, 5 Novemba

Nimetafuta tena kwa njia nyingine. Haipo.

Sista Haika kaja ofisini kwangu mwenyewe. Kasimama mlangoni, hakukaa. Anasema aliandika, akabonyeza, likatokea lile neno la kijani, "Imehifadhiwa", na hapo hapo umeme ukakatika.

Simwamini. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema mbele ya watu. Hajawahi kuipenda kompyuta. Mwezi wa sita tulipokusanya madaftari yote ya wodini, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoa lake, na alilitoa kwa kulitupa juu ya meza yangu. Wazo la kuondoa madaftari lilikuwa langu. Tangu siku ile hanisemeshi zaidi ya salamu. Nadhani alichoma, akaenda kufanya jambo lingine, akasahau kuandika. Sasa amepata umeme wa kusingizia.

Nimeandika ripoti, nusu ukurasa. "Mfumo haupotezi kumbukumbu iliyothibitishwa. Kama haipo, haikuandikwa." Nimetia sahihi.

Haika kaambiwa akae nyumbani. Bodi itakaa Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumatano, 6 Novemba

Daktari anataka ushahidi wa kuambatanisha, wenye tarakimu. Sawa, nitampa tarakimu.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Programu inaandika kipande kidogo cha kumbukumbu, kisha inaiuliza diski: umeandika kweli? Inasimama. Haigusi kingine mpaka ijibiwe ndiyo. Halafu inaandika kingine. Tunahesabu ndiyo ngapi kwa sekunde moja. Ndivyo mfumo wa wodi unavyofanya kabla ya kuonyesha lile neno la kijani.

Nimepima sehemu ya diski tunayoitumia: majibu 2,900 kwa sekunde.

Kwa kulinganisha nimetenga kipande kitupu cha diski ile ile, nikakipanga upya kwa mfumo mwingine wa mafaili, yaani namna nyingine ya kupanga mafaili kwenye diski, aina ambayo watu wanaisifu. Majibu 97 kwa sekunde.

Nimefurahi, nakiri. Nilichagua vizuri; diski inayoandika haraka hivi haiachi kitu njiani umeme ukikatika. Nimechora na grafu ya nguzo mbili, moja ndefu kama mgomba, nyingine kama kisiki. Nimempelekea Daktari. Kaitazama, kasema, "Safi, Ndeshi. Hapa hakuna wa kubisha."

Alhamisi, 7 Novemba

Sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza 2,900.

Diski yetu ni ya kuzunguka, si ya kisasa ile isiyo na kitu kinachosogea. Imeandikwa ubavuni: mizunguko 7,200 kwa dakika. Nimegawa kwa sitini. Ni mizunguko 120 kwa sekunde. Ili kipande kiandikwe, sahani lazima izunguke mpaka mahali pake pafike chini ya kichwa cha kuandikia. Kuandika, kungoja jibu, kuandika tena: karibu mzunguko mmoja kila mara. Kwa hiyo diski ya namna hii haiwezi kutoa ndiyo za kweli zaidi ya mia na ishirini hivi kwa sekunde.

Yangu inatoa 2,900.

Ile iliyotoa 97, niliyoichora kama kisiki, ndiyo inayoingia akilini.

Nimerudia kipimo mara sita. 2,900. 2,880. 2,910. Kuna mtu anajibu ndiyo kabla hajaandika. Sijui nani. Nimefunga mlango wa ofisi nikakaa naitazama ile seva kama mtu aliyenidanganya mbele ya wazazi.

Ripoti yangu iko mezani kwa Daktari.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimemwambia Daktari nahitaji siku chache za kupima zaidi. Kakunja uso.

"Kupima nini tena? Ripoti yako inajitosheleza."

"Kuna tarakimu haijanikaa sawa, Daktari."

"Bodi inakaa Ijumaa. Usiniletee mambo mapya dakika za mwisho."

Mbona ana haraka? Ndugu wa mgonjwa wamekuja jana wakiwa wanne, wakafungiana naye saa nzima. Amekwishawapa jina la Haika, nina hakika. Anataka jina moja na mlango ufungwe. Sasa hata yeye simwamini.

Diski nayo siiamini. Ilinunuliwa mjini, mtaa wa Majengo, kwenye duka la Bakari, mwaka jana. Zimejaa diski bandia siku hizi. Wanabandika karatasi mpya juu ya kitu cha zamani.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeshuka mjini asubuhi. Duka la Bakari liko karibu na msikiti, chumba kimoja, makasha mpaka darini. Nimeingia na hasira tayari. Nimemwambia diski zake zinadanganya.

Hakukasirika. Alinitazama tu, akaweka chini bisibisi.

"Zinadanganya vipi, dada?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho. Akavuta diski mbili kwenye kasha, aina ile ile, toleo lile lile, akanipa zote. "Nenda nazo. Pima unavyotaka. Ukikuta uongo, rudi nazo hapa mbele ya wateja, unitangaze."

Nikamwona mjanja. Nani anampa mtu diski mbili hivi hivi?

Nimepima nyumbani, chumbani kwangu mtaa wa Soweto, hapa hapa mjini, kwenye kompyuta yangu. Nimetumia mfumo wa mafaili ule ule tunaoutumia kituoni, si ule wa kulinganisha. Nilitaka kila kitu kifanane.

Ya kwanza: 94. Ya pili: 95.

Si diski. Si aina ya mfumo wa mafaili pia. Vyote viwili kwangu vinasema kweli.

Nimechemsha ndizi, zikaungua.

Jumapili, 10 Novemba

Nimepanda kwa mama. Kanisani Sista Haika alikaa benchi la tatu, mahali pake pa siku zote, lakini benchi zima alikuwa peke yake. Watu wa hapa wanajua kukwepa mtu bila kumtazama. Nami nilikaa nyuma kabisa.

Baada ya ibada mama alinipa bakuli la mtori, akaniacha nile. Kihamba chetu, shamba la ukoo, kinapakana na cha kina Haika, kuna mfereji mmoja tu katikati. Akauliza swali moja:

"Ni kweli wewe ndiye uliyeandika kwamba Haika ni mwongo?"

"Sikuandika mwongo, mama. Niliandika kwamba haikuandikwa."

"Tofauti yake ni nini?"

Nikaenda kuchuma kahawa mistari miwili, nikachuma na mbichi, mama akazitoa moja moja kwenye kikapu.

Jumatatu, 11 Novemba

Kama si diski, na si aina ya mfumo wa mafaili, basi ni mashine ya kituo yenyewe. Kuna kitu kimewekwa.

Nilianza kuorodhesha waliowahi kuigusa. Fundi wa kampuni iliyotuletea programu ya wodi, alikuja mara mbili. Mwanafunzi wa mazoezi kutoka chuoni, alikaa miezi miwili, alikuwa anapenda kubonyeza kila kitu. Daktari ana ufunguo wa chumba. Nikamshuku yule mwanafunzi zaidi. Nikakumbuka hata namna alivyokuwa akicheka.

Saa tano nimefungua faili la mipangilio, lile linaloiambia mashine namna ya kuitumia diski ikiwaka. Mstari wa sehemu yetu una neno moja la ziada mwishoni. Neno hilo linaiambia mashine isiilazimishe diski kumaliza kuandika. Diski ina kumbukumbu ndogo ya muda ndani yake, kama mtu anayeshika vitu mkononi kabla ya kuviweka kabatini. Kwa neno hilo, kikifika mkononi tu, jibu ni ndiyo. Umeme ukikatika, kilichokuwa mkononi kinapotea.

Kile kipande cha kulinganisha hakina neno hilo, kwa sababu nilikipanga wiki iliyopita bila kuongeza kitu. Ndiyo maana kilitoa 97.

Faili linaonyesha nani alilibadilisha mara ya mwisho, na lini.

Mimi. Mwezi wa nane mwaka jana.

Nimekumbuka baadaye, nikiwa nimekaa sakafuni. Manesi walikuwa wanalalamika mfumo ni mzito, wanabonyeza wanangoja. Nikasoma ushauri mahali fulani mtandaoni. Ongeza neno hili, mashine itapaa. Kulikuwa na onyo chini yake: tumia tu kama una betri ya akiba ya kuaminika. Tulikuwa nayo. UPS mpya kabisa. Mashine ikapaa kweli. Manesi wakanishukuru. Hata Haika alisema, "Sasa hii inafaa."

UPS ilikufa masika ya mwaka huu. Betri zilivimba. Niliomba nyingine, nikaambiwa ningoje. Nikangoja. Lile neno sikulikumbuka hata siku moja.

Jumanne, 12 Novemba

Huenda najihukumu bure. Huenda neno lipo na bado Haika hakuandika. Nilitaka kuona kwa macho.

Mchana, wodi zikiwa zimetulia, nimewaambia manesi mfumo utazimwa nusu saa. Nimeunganisha kompyuta yangu na seva. Seva inaandika namba moja, mbili, tatu, kwa mfululizo, na kila ikijibiwa ndiyo inanitumia ile namba. Kompyuta yangu ina betri, haizimiki. Nikaacha ikimbie. Nikachomoa waya wa seva ukutani.

Namba ya mwisho niliyothibitishiwa: 18,442.

Nikawasha. Nikafungua diski. Namba ya mwisho iliyokutwa: 17,069.

Zaidi ya elfu moja zimethibitishwa na hazipo. Nimerudia mara ya pili, ya tatu. Kila mara zinapungua. Nimeondoa lile neno, nikarudia mara tano. Hakuna hata moja iliyopotea. Polepole, 96 kwa sekunde, lakini kila iliyosemwa ipo.

Haika alibonyeza. Neno la kijani lilitokea. Umeme ukakatika. Yote matatu ni kweli.

Nimewarudishia manesi mfumo wao.

Jumatano, 13 Novemba

Kitu kibaya kuliko vyote nimekiwaza leo, na nakiandika ili nikione.

Neno nimeshaliondoa. Mashine ni salama. Faili lenyewe sasa linaonyesha tarehe ya jana, si ya mwaka jana. Hakuna mtu mwingine kituoni anayeweza kulisoma. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Haika amebakiza miaka mitatu astaafu. Wanaweza kumpa onyo tu. Wanaweza kumhamishia kliniki ya watoto. Huenda hata akapumzika.

Hivyo ndivyo nilivyowaza kuanzia saa mbili hadi saa saba.

Nilipiga picha ya ule mstari, pamoja na jina langu na tarehe, kabla ya kuuondoa. Sijui kwa nini nilipiga. Sidhani nilikuwa mwema. Nadhani nilizoea tu kupiga picha kabla ya kubadilisha kitu. Ipo kwenye simu. Nimeifungua mara nyingi leo. Mara mbili kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta.

Saa saba na nusu nimeichapisha. Nakala tatu. Karatasi haifutiki kwa kidole.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimempelekea Daktari Shayo. Kasoma ripoti mpya yote, kurasa nne, akiwa amesimama. Nilitegemea atanifokea au aseme tuizike. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilikuwa na maneno tayari.

Akakaa. Akavua miwani.

"Ndeshi, mimi nimeshawaambia ndugu wa mgonjwa."

"Najua, Daktari."

"Nimewaambia jina lake."

Niligundua alikuwa anaogopa, si mjanja. Wiki nzima nilimwona mjanja.

"Uisome mwenyewe kesho," akasema. "Mimi siwezi kueleza hizi tarakimu. Na usimtaje mtu mwingine. Si mwanafunzi, si kampuni."

"Sikuwa na nia."

Nilikuwa nayo. Mpaka Jumatatu nilikuwa nayo.

Ijumaa, 15 Novemba

Wajumbe saba. Kituo ni cha kanisa, kwa hiyo mchungaji kafungua kwa sala. Haika alikaa pembeni, koti la ibada, mkoba mapajani. Ndugu wawili wa Mzee Elifuraha walikuwepo.

Nilianza kwa kusema ripoti yangu ya kwanza si ya kweli. Nikawaonyesha mstari, tarehe, jina langu. Nikaeleza habari ya kushika mkononi na kuweka kabatini. Mjumbe mmoja, mzee mkulima, akauliza, "Yaani mashine ilikuwa inaitikia tu kwa mdomo?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na nani aliiruhusu?" Nikasema mimi.



Haika kasafishwa kwa maandishi. Mimi nimepewa barua ya onyo kali, na kwa miezi sita kila nitakachobadilisha kwenye mashine lazima kitiwe sahihi na mtu wa pili. Madaftari yanarudi wodini kesho, yataandikwa sambamba na kompyuta. Neema, aliyekaa nyuma, alilia. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Nje, Haika alikuwa anangoja mvua ipungue. Nikaenda.

"Shikamoo, Sista. Naomba unisamehe."

"Marahaba." Hakunitazama. "Nilisema kweli mara ya kwanza. Ofisini kwako. Nimesimama pale mlangoni, ukawa unaangalia kioo cha kompyuta tangu naanza mpaka namaliza."

"Nilikosea."

"Ningekuwa mashine ungenisikia." Akafungua mwavuli. "Kusamehe nitasamehe, mimi ni Mkristo. Lakini si leo."

Akaondoka.

Jumatatu, 18 Novemba

Haika karudi kazini. Mfumo ni mzito kwa sababu unangoja diski kweli. Manesi wanalalamika. Nimerudisha zile diski mbili kwa Bakari na kumwomba radhi. Akauliza kama nahitaji betri za UPS.

Jumamosi, 23 Novemba

Mzee Elifuraha aliruhusiwa wiki iliyopita. Nimekwenda kwake leo asubuhi, kijiji cha pili juu ya Kwa Sadala. Nilibeba sukari guru, nikakumbuka njiani yeye ni mgonjwa wa sukari, nikaiacha kwa mwenye duka. Nikafika mikono mitupu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, bandeji mguuni, anamkatia ng'ombe vipande vya mgomba. Nikamwamkia, akaitikia. Nikajieleza mimi ni nani na nilifanya nini. Nilitumia maneno marefu. Alisikiliza huku panga linakwenda.

"Kwa hiyo Haika hakukosea," akasema.

"Hakukosea, baba."

"Nilijua." Akagusa tumbo, upande wa kushoto. "Alinichoma hapa. Yule binti wa mchana alipokuja nilimwambia nimeshachomwa. Akaangalia kompyuta. Akasema bado, mzee, umesahau. Nikaona labda nimesahau."

Panga likasimama.

"Mbona hukuwaambia, baba? Daktari, wanao, mtu yeyote?"

"Walikuwa wanaongea na mashine. Hakuna aliyeniuliza. Wewe ndiye wa kwanza kuja."

Sikuwa nimekuja kuuliza. Nilikuja kuomba radhi nijisikie vizuri. Sikumwambia hilo.

Akanionyesha panga jingine, limechomekwa juu ya mlango wa zizi. Nikalichukua. Tumekata mpaka hori likajaa. Ng'ombe wake ni mmoja, mweusi, anakula taratibu.